Je, Moyo Mwema Watosha?

Mfano wa njia ya Buta

Barabara itokayo Kisangani kwenda Buta hupita katika msitu mkubwa, na vijiji vimepangwa kando yake kama shanga katika uzi. Mchana kutwa pikipiki na baiskeli hupita hapo, zimebeba watu, mikungu ya ndizi, makaa na magunia ya muhogo. Basi mahali hapo na pawekwe mfano wa kufikiri. Si habari ya mtu fulani mwenye jina. Lakini ni vijiji vichache kando ya barabara visivyojua jambo la namna hii.

Wakatekumeni watatu walikuwa wakirudi nyumbani baada ya mafundisho. Mbele yao pikipiki ikateleza katika tope la mteremko, ikaanguka pamoja na watu wawili. Mmoja alikuwa mtu wa kijiji chao, mtoto wa shangazi yake mmoja wao. Mkono wake ulivunjika, naye akalia kwa sauti kuu. Wa pili, mwenye kuendesha, alikuwa mgeni asiyejulikana na mtu. Yeye hakulia. Alilala kimya kando ya njia, na damu nyingi ilikuwa ikimtoka pajani.

Mkatekumeni wa kwanza alikimbia. Alijisemea moyoni, "Askari wakija, watasema mimi ndimi niliyemwua." Wa pili alikuwa mtu wa huruma. Alimwendea ndugu yake kwanza, akamshika, akamtuliza. Kisha akamwendea yule mgeni, akamwinua na kumketisha, akamtia maji kinywani ili apate nguvu. Wa tatu alisimama, mikono yake kichwani, akaomba kwa Mungu. Alitaka kusaidia, lakini hakujua afanye nini. Kabla gari halijapatikana, mgeni yule alikufa.

Jioni walikwenda wote watatu barazani kwa katekista.

"Mwalimu," akasema wa kwanza, "mimi najua nimekosa. Niliogopa."

"Mimi sikukimbia," akasema wa pili. "Nilifanya yote ambayo moyo wangu uliniambia. Mbona hata mimi sina amani?"

"Nami sikufanya neno lolote baya," akasema wa tatu. "Je, mwalimu, mtu aweza kuwa na kosa kwa jambo asilolijua?"

Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu akatikisa kichwa. "Wanangu," akasema, "siku yake ilikuwa imefika. Acheni kujisumbua."

Katekista hakujibu upesi, maana maneno hayo manne si mepesi. Yafaa yapimwe moja moja.

Juu ya neno la mzee

Neno la mzee ni la kufariji, wala halikusemwa kwa ubaya. Tena ni kweli ya kuwa uhai na mauti vimo mikononi mwa Mungu. Lakini mkulima naye ajua ya kuwa mavuno hutoka kwa Mungu, na hata hivyo haachi kupalilia. Mama huomba watoto wake wasilale na njaa, na akisha kuomba huinuka akakoleza moto. Mungu hakumfunulia mwanadamu siku ya kufa kwake. Basi hakuna awezaye kusema ya kuwa siku ya jirani yake imefika, na huku jirani huyo angali anapumua.

Mwili wa mtu mzima una damu kadiri ya lita 5. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu aweza kufa kwa dakika chache tu. Lakini mkono ukigandamiza jeraha kwa nguvu, pasipo kuachilia, mara nyingi damu hupungua hata ikakoma. Ikiwa mwili umeumbwa hivi, hata mkono wa mwanakijiji asiyejua kusoma uweze kuyazuia mauti, ni nani atakayesema ya kuwa mkono huo haukuitwa kufanya kazi?

Juu ya yule aliyekimbia

Kuogopa si dhambi. Hofu humjia mtu pasipo kuitwa, kama baridi ya alfajiri. Linalohukumiwa ni lile atendalo mtu akiwa na hofu.

Kuna hofu yenye haki. Waya wa umeme ukiwa umeanguka juu ya mtu, amgusaye kwa mikono yake hufa pamoja naye. Mtu akizama katika maporomoko ya Wagenia, na anayemwona hajui kuogelea, akijitupa majini watazikwa wawili badala ya mmoja. Kwa sababu hii, jambo la kwanza wafundishwalo watu wa kuokoa majeruhi ni kusimama kidogo na kutazama: Je, hapa pana hatari gani? Magari yaja? Moto upo? Huo si woga. Ni busara, maana mwenye kuokoa akianguka, mgonjwa hakupata msaada, tena wamekuwa wagonjwa wawili.

Lakini asiyeweza kukaribia bado ana sauti, tena ana miguu. Aweza kupiga yowe, aweza kusimamisha magari, aweza kumtupia kamba au mti yeye azamaye, aweza kwenda kumwita chifu wa kijiji na mwuguzi. Kukimbia ni jambo moja. Kukimbilia msaada ni jambo jingine.

Na hofu ya kusingiziwa? Dawa yake si kujificha, bali ni kutobaki peke yake. Aitaye watu wengi hupata mashahidi wengi. Na hofu ya damu? Hiyo ina sababu katika nchi hii, ambayo imeyajua magonjwa mabaya yapitayo kwa damu. Lakini hata hiyo hupungua kwa ujuzi: mikono huvikwa glavu, au mfuko wa plastiki usiotoboka kama glavu hazipo, na baada ya kazi huoshwa kwa maji mengi na sabuni. Mara nyingi mtu hukimbia kwa sababu hakufundishwa namna ya kubaki.

Juu ya yule mwenye huruma

Hili ndilo swali gumu kuliko yote, maana mtu huyu hakukimbia, wala hakukaa bure. Alipenda. Lakini kumketisha mtu aliyepungukiwa damu ni kuondoa kichwani mwake damu kidogo iliyosalia. Kumtia maji kinywani mtu asiye na fahamu ni kumsonga, maana maji huweza kushuka katika njia ya pumzi. Na wakati huo wote, jeraha la paja halikuguswa na mtu. Mikono yake ilijaa huruma, lakini ilikuwa mbali na mahali palipohitaji mkono.

Kila mkatekumeni amesikia mfano wa Msamaria mwema. Watu husifu moyo wake, na ni haki wausifu. Lakini mara nyingi husahau kutazama mikono yake. Msamaria yule alimkaribia mtu aliyepigwa na wanyang'anyi, akamtia mafuta na divai katika majeraha yake, akayafunga. Katika nchi ile, zamani zile, hiyo ndiyo iliyokuwa dawa ya jeraha. Kisha akampandisha juu ya mnyama wake, akampeleka mahali pa kutunzwa, akalipa gharama. Basi alikuwa na huruma, lakini pia alijua la kufanya, tena alijua wapi pa kumpeleka. Kama angalikuwa na machozi tu, mtu yule angalikufa njiani, naye amelaliwa juu na mtu mwema.

Nchi ya Kongo yenyewe imepata fundisho kali juu ya jambo hili. Mwaka 1976, huko Yambuku, kaskazini-magharibi ya Kisangani, ilikuwako hospitali ya misioni. Masista na wasaidizi wao waliwahudumia wagonjwa wa vijiji vingi. Kila asubuhi zilitolewa sindano 5 tu kwa kazi ya siku nzima. Sindano ikisha kumchoma mgonjwa mmoja, ilisuuzwa katika maji ya uvuguvugu, haikuchemshwa, kisha ikamchoma mwingine. Ndipo ukaingia ugonjwa ambao hakuna mganga duniani aliyekuwa akiujua, ukapita katika sindano zile kutoka mwili hata mwili. Watu 318 waliugua, na 280 kati yao walikufa. Katika watumishi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na masista walikuwamo. Baadaye ugonjwa huo ukapewa jina la mto wa upande ule, mto Ebola.

Si kazi ya mtu kuwahukumu wafu wale, ambao walitoa hata uhai wao kwa ajili ya wagonjwa. Hakuna awezaye kusema ya kuwa hawakupenda. Ndiyo maana fundisho lake ni zito. Sindano haiulizi kama mkono ulioishika ni wa mtu mwema. Jeraha haliulizi kama kitambaa kichafu kimefungwa kwa upendo. Mwili una sheria zake, na apendaye mwili wa jirani yake hana budi kuziheshimu sheria hizo.

Basi moyo mwema ni wa lazima, lakini hautoshi. Ni kama moto pasipo chungu: wawaka, lakini haupiki kitu.

Juu ya yule asiyejua

Mkatekumeni wa tatu aliuliza kama mtu aweza kuwa na kosa kwa jambo asilolijua. Walimu wa Kanisa waliliwaza swali hili tangu zamani. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, alifundisha ya kuwa ujinga si wa namna moja tu. Kuna ujinga ambao mtu hawezi kuushinda hata akijitahidi; huo hauna lawama. Na kuna ujinga ambao mtu angaliweza kuushinda, tena ilimpasa kuushinda, lakini akauacha ukae kwake kama mgeni asiyefukuzwa. Huo una lawama kwa kadiri ya uzembe wake.

Mtu aliyezaliwa ndani sana ya msitu, ambaye hajapata kumwona mwuguzi wala kusikia lolote la kuzuia damu, atalaumiwaje? Lakini mtu akaaye kando ya barabara, aonaye majeruhi kila mwaka, na mwuguzi wa kituo cha afya akaja kufundisha siku tatu, naye akasema, "Hayo ni mambo ya waganga," akaenda zake kunywa pombe: huyo ujinga wake ameuchagua mwenyewe. Siku atakaposimama na mikono kichwani, kosa lake halikuanza siku hiyo. Lilianza siku ile aliyokataa kujifunza.

Hapa ndipo fikira za watu wengi hukosea. Hudhani ya kuwa wajibu wa kumwokoa mtu huzaliwa mtu anapoanguka. Sivyo. Wakati huo umekwisha kuchelewa. Wajibu huo huzaliwa mapema, siku za amani, wakati hakuna aliyeanguka.

Henry Dunant, mfanyabiashara wa Geneva, aliliona jambo hili kwa macho yake. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi makubwa yalipigana huko Solferino, katika nchi ya Italia, na watu kama 40,000 waliuawa au kujeruhiwa. Dunant alifika jioni, akaingia katika mji wa Castiglione, ambamo majeruhi walilazwa makanisani na njiani. Wanawake wa mji ule walitoka na maji na vitambaa, wakawahudumia wote, wa jeshi hili na wa jeshi lile, pasipo kubagua. Moyo mwema ulikuwako kwa wingi. Lakini wengi walikufa, kwa sababu wenye kujua walikuwa wachache, na vyombo havikutosha. Mwaka 1862 Dunant aliandika kitabu, akatoa shauri moja: watu wa kujitolea wafundishwe na kutayarishwa wakati wa amani, ili vita vikija wasianze kutafuta la kufanya. Kutoka katika shauri hilo ulizaliwa Msalaba Mwekundu, mwaka 1863. Dunant hakuwaomba watu waongeze huruma. Aliomba huruma yao itayarishwe.

Je, kila mtu apaswa kujua yote? La. Mganga apaswa kujua mengi. Mwanakijiji apaswa kujua machache, kwa kadiri ya mahali alipo. Mvuvi wa Wagenia, na mwenye mtumbwi avushaye watu kati ya Lubunga na mji, yawapasa kujua namna ya kumsaidia aliyezama. Mama apikaye penye watoto yampasa kujua juu ya moto. Mkulima wa msituni yampasa kujua juu ya nyoka. Na kijana aendeshaye pikipiki, au baiskeli ya kuchukua abiria ambayo watu wa Kisangani huiita toleka, yampasa kujua juu ya damu na mifupa.

Mambo machache ya kujua

Haya ndiyo maarifa ya mwanzo. Yafaa yafundishwe na mwuguzi kwa mikono, maana macho husahau na mikono hukumbuka.

Kwanza, kutazama hatari, kisha kuita watu. Majeruhi asiondolewe mahali alipo pasipo sababu, maana huenda mifupa ya shingo au ya mgongo imevunjika. Ikiwa hapana budi kumwondoa, kwa sababu ya moto au magari, achukuliwe na watu wengi pamoja, kichwa na kiwiliwili vikiwa vimenyoka, asikunjwe kama gunia.

Pili, damu imtokayo mtu kwa wingi huzuiwa mara moja. Kitambaa safi huwekwa juu ya jeraha na kugandamizwa kwa nguvu. Kitambaa kikilowa, hakiondolewi; huongezwa kingine juu yake, na kugandamiza kwaendelea. Kama damu ya mkono au ya mguu haikomi hata hivyo, kuna namna ya kufunga kitambaa kipana juu ya jeraha, upande wa kiwiliwili, si penye kiungo, na kukikaza kwa kijiti mpaka damu ikome. Saa ya kufunga huandikwa, wala kifungo hakilegezwi mpaka kwa mganga. Namna hii ni kwa damu ya kuua tu, na kwa aliyefundishwa.

Tatu, asiyejibu aitwapo hutazamwa kama anapumua. Kichwa huinamishwa nyuma kidogo na kidevu huinuliwa, ili njia ya pumzi ifunguke. Akiwa anapumua sawasawa, hulazwa ubavu, ili matapishi yasimsonge. Hapewi maji, wala chakula, wala dawa ya kunywa.

Nne, asiyepumua hugandamizwa katikati ya kifua, mkono juu ya mkono. Kifua cha mtu mzima hushuka sentimita 5, wala si zaidi ya 6, mara 100 hata 120 kwa dakika. Aliyefundishwa kupuliza pumzi hugandamiza mara 30, kisha hutoa pumzi 2, na kurudia hivyo. Aliyetolewa majini, kwanza hupewa pumzi 5. Kumning'iniza kichwa chini, au kumbinya tumbo ili maji yatoke, ni kupoteza wakati wake wa kuishi.

Tano, palipoungua hupozwa kwa maji safi yatiririkayo, kwa muda wa dakika 20. Hapapakwi mafuta, wala tope, wala dawa ya meno.

Sita, aliyeumwa na nyoka hatulizwi kwa kisu. Jeraha halichanjwi, halinyonywi, wala mguu haufungwi kwa kamba ya kukaza. Mtu hulazwa atulie, pete na bangili huvuliwa kabla ya uvimbe, kiungo hufungiwa kijiti kisitikisike, naye huchukuliwa upesi kwenda hospitali. Asitembezwe.

Mambo haya ni machache kuliko sala ambazo mkatekumeni hujifunza kwa moyo kabla ya Ubatizo. Basi hakuna awezaye kusema kichwa chake hakiyawezi.

Nani asaidiwe kwanza?

Limebaki neno moja katika mfano. Mkatekumeni wa pili alimwendea kwanza ndugu yake aliyelia, kisha mgeni aliyenyamaza. Je, hakufanya haki? Damu ya ukoo si kitu kidogo.

Ni kweli, Mungu amewapa watu ukoo ili watunzane. Lakini mbele ya mauti kipimo hubadilika. Mkono uliovunjika waweza kungoja saa nzima. Paja litokalo damu haliwezi kungoja. Waokozi hufundishwa jambo ambalo masikio hukataa kulisadiki: mwenye kulia sana si lazima awe mwenye hatari kubwa, maana aliaye anapumua. Yule aliyenyamaza ndiye wa kutazamwa kwanza. Basi kumwendea mgeni kwanza si kumdharau ndugu. Kama mgeni yule angalisaidiwa kwanza, wote wawili wangaliishi.

Watu wa Kisangani wanalijua jambo hili kwa uchungu. Tangu tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wao, na mabomu yakaanguka juu ya nyumba za watu wasio na silaha. Mamia ya raia waliuawa, na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Miongoni mwa waliookota majeruhi na kuzika maiti walikuwako watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu. Sheria ya kazi hiyo ni moja: majeruhi haulizwi ni wa kabila gani, wala wa jeshi gani, wala wa dini gani. Huulizwa tu, kwa macho na kwa mikono, ni mahali gani anapoumia. Askari akisha kuanguka na kuacha silaha yake, si adui tena. Ni mtu atokaye damu.

Msamaria yule naye hakuuliza. Na aliyesaidiwa alikuwa wa taifa lisilopatana na taifa lake.

Mpaka wa ujuzi

Kuna hatari moja upande wa pili. Mtu akisha kujifunza machache, huenda akajiona mganga, akaanza kuchoma sindano na kuuza vidonge. Huyo amerudi mahali pale pale pa ujinga, ila sasa ujinga wake umevaa kanzu nyeupe. Kazi ya mwokozi wa kwanza ni kuulinda uhai mpaka afike ajuaye zaidi. Afanye alilofundishwa, na asilofundishwa aliache.

Na kama majeruhi akifa mikononi mwake, baada ya kufanya yote aliyofundishwa? Hapo neno la mzee hupata mahali pake pa haki. Mtu hakuamriwa kuyashinda mauti. Aliamriwa asiyaache yapite pasipo kuzuiwa. Aliyefanya wajibu wake na alale kwa amani, ingawa alala kwa huzuni.

Jibu la katekista

Basi katekista aliwajibu wale watatu. Akamwambia wa kwanza, "Mwanangu, hukukosa kwa kuogopa, ulikosa kwa kutoita watu." Akamwambia wa pili, "Huna amani kwa sababu upendo wako umejua ya kuwa haukutimia. Uchungu huo usiuzime; uupe kazi." Akamwambia wa tatu, "Jana hukujua, na Mungu ajua kama uliweza kujua. Lakini tangu leo huwezi kusema tena hukuambiwa."

Mzee akauliza, "Na mimi, mwalimu?"

"Wewe, baba, una nguo za zamani nyumbani. Tuletee, zichemshwe na kuanikwa, ziwe vitambaa vya majeraha."

Mwuguzi wa kituo cha afya aliitwa, akafundisha Jumamosi tatu chini ya mwembe wa kanisa. Yule aliyekimbia alifika wa kwanza, akajitoa alale chini, awe majeruhi wa kujifunzia. Wenzake wakamgandamiza paja mpaka akalalamika, na mwuguzi akasema, "Bado. Gandamizeni zaidi."

Maswali ya kukumbuka

Je, kuogopa mbele ya majeruhi ni dhambi? Sivyo, kosa ni kumwacha pasipo hata kumwitia msaada.

Je, moyo mwema watosha? Hautoshi, yampasa mtu kujua pia la kufanya.

Ujinga gani una lawama? Ule ambao mtu aliweza kuushinda, tena ilimpasa kuushinda, naye hakutaka.

Nani asaidiwe kwanza? Aliye karibu na kufa, hata kama ni mgeni, na hata kama amenyamaza.

Wakati gani wa kujifunza? Kabla hajaanguka mtu.